Nemea Ndani ya Chupa ya Naousa

Mtu wa kwanza niliyemwona akimliza mwanamume mzima kwa sababu ya silabi moja alikuwa Mwalimu wetu wa mvinyo. Mwanamume mwenyewe alikuwa Mkenya, mhudumu wa hoteli moja ya mjini, mrefu, mwenye mabega ya mpagazi, na kosa lake lilikuwa kusema jina la zabibu ya Kigiriki hivi: "Zinomavro". Mwalimu alimsimamisha mbele yetu, akamshikisha chupa, akamwambia aseme tena. Akasema vilevile. Mwalimu akamwambia atarudia mpaka ulimi unyooke, na sisi wengine tunyamaze tumsikilize.

"Ksi," Mwalimu akawa anasema polepole. "Ksi. Ksi-no-ma-vro. Ulimi wako umefungwa na nini? Kwani mama yako alikufundisha kuongea au kubweka?"

Mama huyo alikuwa amezikwa Kakamega majuzi tu, na mwanawe hakupata nafasi ya kwenda. Sote tulijua. Mwalimu naye alijua, maana yeye ndiye aliyempigia simu bosi wa hoteli kumwombea ruhusa, na ruhusa ikakataliwa. Yule mtu aliiweka chupa mezani taratibu, kama mtu anayeweka yai, akalia bila kujifunika uso. Kisha akachukua koti lake akatoka, na hatukumwona tena Jumatatu yoyote.

Mwalimu aliichukua ile chupa, akaifuta pale ilipokuwa imeshikwa. "Naousa," akasoma kwenye lebo. "Nani anaendelea?"

Watu wakiniuliza habari za alikotoka Mwalimu, sina la kuwaambia. Kenya, ndiyo, hilo lilisikika. Mahoteli ya Mombasa, alilitaja mara mojamoja. Mke, watoto, ukoo, hakuna aliyethubutu kuuliza. Mimi nilichokijua ni Jumatatu. Ndiyo siku ya mapumziko ya wahudumu wengi wa mahoteli na migahawa, na mwagizaji mmoja wa mvinyo aliyekuwa na ghala Washwood Heath, mtaa mmoja wa jiji hili la Waingereza, alimwachia Mwalimu pembe moja ya ghala hilo awafundishe watu. Kutoka mlangoni uliona ardhi tupu palipokuwa na kiwanda cha magari, na winchi za reli mpya zikigeuka huku na huku. Ndani kulikuwa na baridi ya kaburi. Tulikaa kwenye mabenchi, kila mmoja na glasi zake, na katikati ya meza kulikuwa na ndoo ya kutemea. Tulikuwa Wakenya, Wakongomani, na mimi Mtanzania peke yangu. Mwalimu hakutuacha tusahau nani katoka wapi.

"Nyinyi Watanzania mnaomba samahani hata mkikanyagwa nyinyi," aliniambia siku ya kwanza. "Hapa ukiniomba samahani nitakukanyaga mara ya pili."

Alivaa suti ya kijivu na tai kila Jumatatu, na hakujipaka chochote chenye harufu. Alisimama mlangoni akatunusa tulipoingia, mmoja mmoja, kama mbwa wa uwanja wa ndege. Kitunguu, nyumbani. Sigara, nyumbani. Mimi aliwahi kunirudisha kwa mafuta ya nazi kichwani, na nilikuwa nimepanda mabasi mawili kwenye mvua. Nilipojaribu kujieleza aliniambia, "Ukitaka kunukia, kaolewe tena. Ukitaka kunusa, kaoge." Mume wangu alikuwa ameniacha mwaka ule. Hilo pia alilijua.

Kwa nini Ugiriki? Hili aliulizwa na kila mgeni, na kila mara alilijibu kwa raha, nadhani ndilo swali pekee alilolipenda.

"Kwa mvinyo wa Kifaransa wazungu wametutangulia," alisema. "Hata Mwingereza mjinga kuliko wote amesikia Bordo. Ukimhudumia, yeye yuko mbele, wewe unamkimbilia nyuma na kitambaa mkononi. Lakini mpe neno la Kigiriki uone. Anatetemeka! Anaonyesha kwa kidole kwenye menyu kama bubu. Kwa Kigiriki hakuna aliyetangulia, wote tunaanzia mstari mmoja. Na sisi tuna kinywa. Sikilizeni: A-sir-ti-ko. Ma-la-gu-si-a. Sa-va-tia-no. Hayo si maneno ya Kiswahili hayo? Silabi zimepangwa kama shanga, kila moja na vokali yake. Mungu alitupa kinywa cha kusoma lebo hizi, na nyinyi mnakitumia kula chipsi."

Alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililotufanya turudi. Alitufundisha kwamba zabibu ambayo jina lake lina G katika maandishi husemwa Ayoryitiko, na maana yake ni zabibu ya Mtakatifu Joji. Alitufundisha kwamba Ksinomavro maana yake ni nyeusi yenye ugwadu. Waingereza wana neno lao moja la kitabuni kwa ule ukavu unaovuta ulimi na ufizi, nasi tulikuwa tunalihangaikia. Mwalimu akatucheka. "Ukakasi!" akapiga meza. "Mmekula mabibo, mmekula ndizi mbichi, leo mnajifanya hamjui ukakasi?" Tangu siku hiyo mvinyo uliingia kinywani mwangu kama kitu nilichokuwa nakijua zamani. Asirtiko ya Santorini ilikuwa chumvi na ndimu na jiwe lililonyeshewa. Ayoryitiko ilikuwa zambarau zilizoiva mpaka zinapasuka, na mdalasini kwa mbali. Ksinomavro ilikuwa nyanya iliyokaushwa juani, zeituni, majani makavu, halafu ukakasi unaokukamata mashavu kwa ndani.

Ila kilichompagawisha hasa kilikuwa lebo. Angeweza kutumia mchana mzima juu ya karatasi moja. Lebo ikitaja aina ya zabibu, sheria inataka angalau asilimia themanini na tano ya mvinyo huo itokane na zabibu hiyo. Lebo ikisema Naousa, jina la eneo, zabibu haina haja ya kutajwa, kwa sababu imo ndani ya jina: Ksinomavro tupu, hakuna kuchanganya. Ikisema Nemea, Ayoryitiko tupu. Ukiona neno Ktima, zabibu zimetoka katika shamba la mwenye chupa mwenyewe. Ukanda wa buluu juu ya kizibo ni mvinyo mtamu wa eneo linalolindwa na sheria, wa Samos kwa mfano. Retsina ina utomvu wa msonobari, na haioni haya kusema.

"Lebo ya Kigiriki imefungwa mdomo na sheria," alisema. "Mtu atakuongopea. Mwenye mgahawa atakuongopea, mchumba wako ndio kabisa. Lebo haiwezi. Mkiwa hamna wa kumwamini katika nchi hii, aminini lebo."

Nimeandika maneno haya yote kama alivyoyasema kwa sababu ya yaliyotokea baadaye.

Nisiseme kwamba hakuwa na upande mwingine. Nilipofanyiwa upasuaji, alikuja kwangu kwa basi akiwa na chupa ya chai iliyojaa uji wa wimbi. Hakusema pole. Alivua koti la suti, akakunja mikono ya shati, akaosha vyombo vilivyolala siku kadhaa, akapiga deki, akabadilisha shuka mimi nikiwa nimekaa kwenye kiti naona aibu. Kabla ya kuondoka aliona kwenye rafu chupa niliyonunua supamaketi. Aliisoma, akaifungua, akaimwaga yote kwenye sinki.

"Ukifa," alisema, "usife na kitu hiki ndani ya nyumba."

Nilicheka mpaka nyuzi za mshono zikaniuma. Sijui kama alitaka nicheke.

Na kuna jingine nililoliona ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Siku moja nilifika ghalani mapema, nikamsikia anazungumza na yule mwagizaji, Mwingereza mwenye sauti kubwa, aliyekuwa amekaa juu ya boksi akitikisa mguu. Mwagizaji alikuwa anauliza habari za mzigo uliochelewa. "Zinomavro yangu iko wapi?" alisema. Na Mwalimu, amesimama wima na mikono nyuma, sauti yake laini ambayo hatukuwahi kuisikia, akamjibu kwamba Zinomavro itafika Alhamisi. Akasema tena: Zinomavro. Akacheka mwagizaji alipocheka. Nilirudi nje nikasimama kwenye baridi mpaka wenzangu walipofika.

Katika darasa letu alikuwamo Espérance. Alitoka Bukavu, mama wa watoto watatu, shemasi katika kanisa la Kikongomani, mwanamke mnene mpole aliyesafisha vyumba vya hoteli. Alikuwa hanywi. Alionja, akatema, akafuta mdomo, na midomo yake ikacheza kidogo, nadhani alikuwa anaomba. Mchungaji wake alimruhusu baada ya kuelezwa kwamba ni kazi. Mwalimu alimwita Mtakatifu.

"Mtakatifu," alikuwa anamwambia, "shetani aliye kwenye glasi hii anaitwa nani?"

Na Espérance, bila kukasirika, alizamisha pua ndani ya glasi, akakaa humo, akatoka. "Mwalimu, iko na harufu ya nyanya ya kukausha. Na majani ya zamani. Na ngozi ya kiatu yenye kulowa mvua. Ni Ksinomavro, lakini iko muzee, hii."

Hakukosea. Katika muda wote ule sikumsikia akikosea. Wengine tulipopatia, Mwalimu alitwambia tumebahatisha. Espérance alipopatia, Mwalimu aligeuka akatuonyesha mgongo, akajifanya anapanga chupa. Mara moja nilikuwa nimekaa upande ambao niliweza kuuona uso wake. Ulikuwa uso wa mtu aliyepewa zawadi na hataki ijulikane. Kisha akageuka, akamwambia anapumua kama ng'ombe.

Mwaka wa michezo ya Jumuiya ya Madola, wageni walipokuwa wanangojewa kwenye uwanja wa Perry Barr na kila mtu mjini anafungua biashara, Mgiriki mmoja wa Kupro alifungua mgahawa mkubwa katikati ya jiji. Alimtaka Mwalimu amtafutie mhudumu wa mvinyo, mtu wa kusimama mbele ya wageni, kuwaelezea chupa, kuwachagulia. Kazi ya mkataba wa kudumu. Mwalimu alitoa jina moja tu.

Espérance aliposikia alikaa chini kwenye sakafu ya ghala. Mume wake, aliyemwoa baada ya kukimbia vita, alikuwa amebaki Bujumbura, na maombi ya kumleta yalikwama kwa sababu sheria ilidai mke awe na mshahara wa uhakika, na kazi yake ya usafi ilikuwa ya kuitwa na kuachwa. Kwa kazi hii angemleta. Alituonyesha picha ya mume huyo kwenye simu, ameegemea ukuta wa bluu, anacheka. Mwalimu naye aliletewa simu aone. Aliitazama kwa muda. "Meno mazuri," akasema, akamrudishia.

Siku ya majaribio mimi nilikwenda kusaidia kubeba glasi. Mgahawa ulikuwa bado unanuka rangi. Walikaa mezani mwenye mgahawa, meneja wake ambaye alikuwa mama wa Kiingereza mwenye nywele fupi, na mwagizaji yule wa ghala. Mwalimu alikaa pembeni. Espérance alivaa koti langu jeusi, lilimbana kifuani. Chupa zilikuwa zimepangwa, na zile nyekundu Mwalimu alikuwa ameshazifungua mwenyewe ili zipate hewa.

Espérance alianza na Santorini. Alisema kwa Kiingereza chake cha polepole, chenye Kifaransa kwa ndani, habari za mizabibu inayosukwa kama kikapu chini kabisa ardhini ili upepo usiivunje. Mwenye mgahawa alitabasamu. Akaja Mantinia, zabibu yake Moskofilero, akasema ina harufu ya waridi na ganda la chungwa. Meneja aliomba aongezewe. Nilianza kuona kazi imepatikana. Nilijikuta namwangalia Mwalimu ili nifurahi pamoja naye, lakini yeye alikuwa anajitazama kucha.

Ikaja nyekundu. Espérance aliiinua chupa, akawasomea lebo: Naousa, eneo linalolindwa, jina la shamba, mwaka. Akawaeleza kwamba jina hilo peke yake linatosha kuwaambia ni Ksinomavro tupu, kwa sababu sheria hairuhusu zabibu nyingine. Akamimina. Akazungusha glasi yake. Akaingiza pua.

Mkono wake ulisimama.

Aliinua macho akamtazama Mwalimu. Mwalimu aliendelea na kucha zake. Espérance akaonja, akatema kwenye kikombe. Kisha akawaambia: nyanya iliyokaushwa, zeituni, majani makavu, ukakasi.

"Una hakika?" Mwalimu aliuliza kwa Kiingereza.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Nakuuliza mara ya pili. Una hakika?"

Alimtazama tena, sasa kwa macho ya mtu anayebisha hodi. "Ndiyo, Mwalimu."

Mwalimu akasimama. Akawageukia wenye mgahawa, akafunga kifungo cha koti. "Kilichomo ndani ya chupa hii ni Nemea," alisema. "Nimekimimina mwenyewe asubuhi. Ni Ayoryitiko, haina nyanya, haina zeituni. Mama huyu hajawaelezea mvinyo. Amewasomea karatasi."

Mwenye mgahawa alinusa glasi yake, akatikisa kichwa kukubali, akaisukuma mbali. Meneja alicheka kicheko kifupi cha aibu. Yule mwagizaji alicheka kweli. Espérance alikuwa bado ameikumbatia ile chupa kifuani, lebo ikiwa imewaelekea wageni.

Mwalimu akamwambia kwa Kiswahili, taratibu, ili mimi na yeye tu tuelewe: "Mtakatifu, umeabudu karatasi."

Tulirudi pamoja kwa basi, Espérance na mimi. Nilimshika mkono, nikawa natafuta maneno ya kumfariji, kwamba hata mimi ningekosea, kwamba ule ulikuwa mtego. Akautoa mkono wake.

"Dada, miye nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Ile mvinyo. Tangu harufu tu. Ilikuwa Nemea, tena ya mwaka ya karibu. Rangi yenyewe ilikuwa nzito sana. Mutoto angejua."

"Sasa kwa nini hukusema?"

Alinitazama kama vile mimi ndiye niliyeuliza jambo la ajabu. "Ningesema je? Muzee iko pale, mbele ya wazungu, yeye njo alileta chupa, yeye njo alifungua. Niseme chupa ya Mwalimu iko inadanganya? Nilifikiri amekosea kumimina. Nilimuangalia, nikasema ataniambia. Akaniuliza, una hakika, nikafikiri anaomba nimufiche. Bon. Nikamufunika."

Hakulia. Alitazama nje mpaka kituo chake, akaniaga, akashuka na koti langu. Alilirudisha Jumapili likiwa limefuliwa na kupigwa pasi.

Kazi alipewa kijana wa Kiingereza. Mpishi mmoja Mtanzania wa mgahawa ule aliniambia kwamba kijana alikuwa anasema Zinomavro, na mwenye mgahawa alikuwa anamwekea mkono begani, wanacheka pamoja, anamfundisha: ksi, ksi. Habari hiyo niliifikisha darasani Jumatatu mimi mwenyewe, kwa sauti, mbele ya watu wote. Mwalimu alikuwa anafungua kizibo. Alimaliza kufungua. "Leo ni mvinyo wa Limnos," akasema.

Baada ya hapo watu walipungua. Espérance hakurudi. Wakongomani wenzake waliondoka naye, kisha Wakenya mmoja mmoja, kisha mwagizaji akaihitaji ile pembe yake kwa ajili ya maboksi. Mimi nilikuwa nimeshapata kazi kwenye duka la mvinyo, kwa elimu aliyonipa yeye, sikatai. Espérance alihamia kazi ya kutunza wazee majumbani. Kule Bujumbura mume wake alingoja, akachoka, akaoa. Alimpa habari hiyo kwa ujumbe wa sauti. Espérance alinisikilizisha mwanzo wake tu, akauzima.

Miaka ilipita kabla Mwalimu hajanipigia simu. Hakuuliza hali.

"Una gari?"

"Ninalo, Mwalimu."

"Nipeleke kwa Mtakatifu."

Nilimfuata Jumapili baada ya ibada, kwenye fleti yake Perry Barr. Suti ilikuwa ileile ya kijivu, lakini mwili ulikuwa umepungua ndani yake, na miguu ilikuwa imevimba mpaka viatu havifungwi. Alishika chupa iliyofungwa kwa karatasi ya kaki. Nilidhani nampeleka kuomba msamaha. Nilifurahi hata, nikampigia Espérance kumtayarisha.

Njiani alianza kusema bila kuulizwa.

"Alijua," alisema. "Nimelifikiria sana. Mkono ulisimama kabla pua haijatoka kwenye glasi. Mtu asiyejua hasimamishi mkono. Alijua, akanyamaza."

Nilikaza macho kwenye barabara. "Kama ulijua kwamba anajua, kwa nini ulimfanyia vile?"

"Nilitaka anikatalie. Pale pale, mbele yao. Aseme: Mwalimu, umekosea. Mtu anayeweza kunikatalia mimi, hakuna mzungu atakayemfanya acheke asipotaka kucheka." Alipumua kwa mdomo. "Nilimpa nafasi mara mbili. Uliona. Mara mbili."

"Na mume wake?"

"Mume gani?"

Nilimtupia jicho. Alikuwa amesahau kweli, niliona.

Espérance alikuwa anaishi Hodge Hill, kwenye nyumba yenye uwanja mdogo mbele. Alitupokea mlangoni, akampa Mwalimu mikono yote miwili, akapiga goti kidogo. "Karibu, baba. Karibu sana, Mwalimu wetu." Watoto wake walikuwa wamekuwa wakubwa, wakasalimia kwa Kiingereza wakapanda juu. Alimnawisha Mwalimu mikono kwa jagi na beseni. Akaandaa fufu, sombe ya majani ya muhogo, samaki wa moshi. Alimwondolea miiba samaki. Mwalimu alikula kidogo, akashindwa kumeza, akanywa maji. Kisha akaifungua ile karatasi ya kaki.

"Naousa," alisema. "Leo ni yenyewe. Nimekuletea wewe."

"Aksanti sana, baba." Aliipokea kwa mikono miwili, akainuka, akaiweka juu ya kabati, kati ya sabuni ya unga na dawa ya kusafishia choo. "Miye sigusi tena. Nitapea muzungu wangu wa kazini, anapendaka mvinyo. Ni bibi wa miaka mingi, anaweka na barafu."

Mwalimu alisukuma sahani pembeni. Akaweka mikono yote miwili mezani.

"Siku ile," akasema. "Ulijua."

"Siku gani, baba?"

"Unaijua siku. Ulinusa, mkono ukasimama. Ulijua ni Nemea. Niambie tu. Sitaki kingine."

Espérance alikunja kitambaa cha meza pembe kwa pembe. Hakuwa na haraka. Aliponyanyua uso alikuwa na tabasamu la shemasi anayempokea mgeni kanisani.

"Apana, Mwalimu. Sikujua."

"Mkono ulisimama."

"Nilikuwa naogopa."

"Pua yako haijawahi kukosea. Mimi nilikuwa nasimama pale kila Jumatatu, mimi nilikuwa nasikia. Hujawahi kukosea hata—"

"Nilikuwa nabahatisha, baba. Wewe njo ulikuwa unajua. Ulisema mbele ya watu kama miye nilisoma karatasi, na ulisema kweli." Akaivuta birika. "Nikuongezee chai?"

Aliponimiminia mimi, macho yetu yalikutana. Hakupepesa.

Tulirudi garini, nikamrudisha Mwalimu kwake. Mikono yake ilikuwa mapajani, viganja juu. Niliposimamisha gari hakufungua mlango.

"Siku ile mlipanda basi pamoja," alisema. "Nyinyi wawili. Alikuambia nini?"

Jibu nilikuwa nalo mdomoni, neno kwa neno, hata ile *bon* yake. Nilimfikiria Mkenya aliyeweka chupa mezani na kwenda zake. Nilimfikiria mwanamume wa Bujumbura anayecheka mbele ya ukuta wa bluu. Nilifikiria pia uji wa wimbi, nisiseme uongo, niliufikiria.

"Alilia tu, Mwalimu," nilisema. "Alisema angejua kama angekuwa na elimu zaidi."

Alijitazama viganja. Kisha akatikisa kichwa juu na chini, polepole, mara nyingi.

"Basi sikuwa na mwanafunzi," alisema. Hakunielekezea mimi maneno hayo, ingawa mimi ndiye niliyekuwa nimekaa ubavuni mwake.

Alishuka kwa shida, akakataa mkono wangu. Mvua ilikuwa imeanza. Nilimwona amesimama mlangoni mwa jengo lake, anatafuta ufunguo mfuko huu na mfuko ule, anarudia mfuko wa kwanza, na mabega ya suti yanabadilika rangi kwa maji. Nilimtazama mpaka alipoupata, nikawasha gari.